Kabla hujanunua programu ya kupandisha mabadiliko, ijaribu kwanza kurudi nyuma

"Dada, hiyo sehemu ya bima haipo."

"Ipo, mdogo wangu. Shuka chini, iko baada ya namba ya pasipoti."

"Nishashuka. Baada ya pasipoti kuna tarehe ya kuondoka. Katikati hamna kitu."

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba 2024, baada ya magharibi. Mimi, msimamizi wa mfumo wa kampuni yetu, niko nyumbani Kwerekwe; kijana wetu yuko mapokezi Nungwi na mgeni kasimama mbele yake. Nikafungua fomu ile ile kwenye kompyuta yangu: na mimi siioni. Nikaingia upande wa mipangilio: fildi, yaani hiyo sehemu ya kujaza, hiyo hapo, imeandikwa jina lake, tarehe ya leo, na jina langu kuwa ndiye niliyeiweka. Ipo na haipo.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu wiki iliyopita kaka mmoja wa Chake Chake kaniuliza: kampuni yao ya utalii inatumia Salesforce, mfumo wa mtandaoni wa kutunza taarifa za wateja na mauzo, kama sisi; wametumiwa bei za programu za kupandisha mabadiliko, anunue ipi? Nikamjibu kwa ujumbe mfupi, kisha nikaona jibu lenyewe halikutosha. Basi hili hapa.

Kwa asiyefanya kazi hii: mfumo wa biashara ulioko mtandaoni hauubadilishi huku watu wanauza nao. Unakuwa na nakala ya pembeni, sisi tunaiita sandiboksi, unafanya mambo yako humo, ukiridhika unayapandisha laivu, yaani kwenye mfumo wenyewe unaotumika. Zamani nilikuwa nayapandisha kwa njia iliyomo ndani ya Salesforce yenyewe, ya kufunga furushi na kuchagua kitu kimoja kimoja kwa kutia alama. Inafanya kazi. Lakini furushi lile linaongeza na kubadilisha tu, halifuti, na ukisahau kitu kimoja unafunga upya. Kama una mabadiliko manne kwa mwezi, vumilia. Ukiwa nayo arobaini, ndipo watu wanapoanza kutazama programu za kununua za kazi hii, kina Copado, Gearset, Flosum na wenzao.

Tuliyoinunua sisi sitaitaja, maana makosa mengi yalikuwa yangu na sitaki kumchafulia mtu jina. Mwanzo niliipenda kweli. Unaweka sandiboksi upande mmoja na laivu upande wa pili, inakuonesha tofauti zote, unachagua, unabonyeza. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya dakika kumi.

Kisha ikaja bima. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, kila mgeni wa nje anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Bosi akataka namba ya bima iingizwe kwenye fomu ya kila nafasi inayowekwa, ili watu wetu wasianze kubabaishana na wageni uwanja wa ndege. Kazi ndogo: fildi moja, fomu moja, na sharti moja la kuzuia fomu isihifadhiwe kama namba haijajazwa. Nikafanya, nikapandisha, ikatoka rangi ya kijani: imefanikiwa.

Na kweli ilifanikiwa. Ilipeleka nilichoiambia ipeleke. Kwenye Salesforce, fildi ni kitu kimoja na ruhusa ya kuiona ni kitu kingine. Fildi ikipandishwa bila ruhusa zake, haionwi na mtu, hata msimamizi mkuu wa mfumo. Ni sawa na kumjengea mtu chumba bila mlango. Mimi sikuzitia alama ruhusa, na programu haikuniuliza. Nikazitoa kwa mkono hapo hapo, dakika mbili, kijana wa Nungwi akasema "asante Dada", yakaisha. (Tangu siku hiyo ruhusa naziweka kwenye seti za ruhusa, vifurushi vidogo unavyompa mtumiaji kimoja kimoja, siziweki kwenye profaili, ile iliyobeba mipangilio yote ya kundi zima la watumiaji. Profaili ni gunia: ukilivuta unakuja na ya watu wengine, na huko laivu unayafuta yao kwa yako.)

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja siku mbili baadaye.

Familia moja kutoka Dar es Salaam ilitaka vyumba viwili Paje. Fomu ikagoma: jaza namba ya bima. Watanzania, ambao sharti hili haliwahusu! Nilisahau kuwatoa. Ofisi inapiga, Paje wanapiga, bosi anapiga. Nikafanya lile ambalo muuzaji alinionesha siku ya kwanza kwa fahari kubwa: kitufe cha kurudisha. Bonyeza, mfumo unarudi ulivyokuwa kabla ya mzigo wa mwisho, yaani mabadiliko uliyoyapandisha kwa pamoja mara ya mwisho. Nikabonyeza. Sharti likaondoka. Familia ikapata vyumba. Nikaenda kusali isha nikiwa na amani.

Niliporudi kukawa na ujumbe kutoka Nungwi: "Dada, namba za bima tulizoingiza zimekwenda wapi?"

Zimekwenda na fildi. Kabla ya mzigo ule, fildi haikuwapo. Kwa hiyo programu, kwa uaminifu wake wote, iliifuta, na kila kilichoandikwa ndani yake kikafutika nayo. Wageni zaidi ya thelathini.

Ninachotaka kukwambia wewe unayetaka kununua ndicho hiki. Programu hizi zinahamisha umbo la mfumo: fildi, fomu, masharti, ruhusa. Taarifa zilizoingizwa na watu wako tangu asubuhi hazizijui. Zikirudi nyuma, linarudi umbo peke yake, na taarifa zinalipa gharama. Sikuambiwa na muuzaji, wala mimi sikuuliza.

Kilichoniokoa ni kwamba Salesforce fildi ikifutwa haiitupi papo hapo. Inakaa kwenye orodha ya zilizofutwa kwa siku 15 pamoja na taarifa zake. Ukiirudisha, inarudi na mkia: jina lake la ndani limeongezwa "_del" mwishoni, na kwenye fomu haipo, unaiweka tena wewe. Kila kitu kilichokuwa kinaitafuta kwa jina lake la zamani hakiijui. Nilikaa nikirekebisha jina, fomu, ruhusa na ripoti mbili mpaka nikasikia adhana ya alfajiri. Namba zote zilipatikana, alhamdulillahi. Ingekuwa nimegundua baada ya wiki tatu, tungeanza kuwaandikia wageni barua.

Siku hizi kampuni ikija kunionesha programu yake, simwachii muuzaji anioneshe anavyopandisha. Kupandisha wote wanajua. Namwambia: tengeneza fildi mpya, ipandishe. Sasa niache niingize majina matatu. Sasa rudisha. Halafu nanyamaza na kutazama skrini. Mmoja alitoa onyo jekundu kabla ya kufuta, akataja idadi ya rekodi zitakazoathirika. Huyo nilimwandika kwenye daftari. Mmoja alisema hilo ni suala la nakala ya akiba, linauzwa peke yake. Ni kweli pia, na ni vizuri ulisikie kabla hujalipa. Mmoja aliomba tuendelee na kipengele kinachofuata.

Na jaribio liwe kwenye sandiboksi yako, yenye uchafu wako. Mfumo wao wa maonesho umefagiliwa kama ukumbi wa harusi. Wako una fildi za msimamizi aliyeacha kazi, fomu tatu za kitu kimoja, ripoti ambayo hakuna anayejua nani anaisoma. Humo ndimo utakapoona kama programu inakuonesha tofauti zinazosomeka au inakumwagia mistari mia nne ya kufananisha kwa macho.

Halafu iangalie sandiboksi yenyewe. Yangu siku ile ilikuwa na miezi saba tangu inakiliwe kutoka laivu. Ndani ya miezi saba watu wamebadilisha mambo laivu moja kwa moja, mimi mwenyewe nikiwemo, kwa hiyo nusu ya tofauti nilizokuwa naoneshwa hazikuwa kazi yangu. Sandiboksi ndogo kabisa unaweza kuinakili upya kila siku, ile yenye sehemu ya taarifa kila baada ya siku 5, na kubwa kamili kila baada ya siku 29. Hakuna programu ya dola yoyote itakayokusaidia kama unapima kwa ramani ya mwaka jana.

Jambo lingine ni umeme. Sisi tuliokaa gizani Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika, hatuhitaji kufundishwa kuogopa kazi inayochukua saa nzima. Mwanzo nilikuwa napandisha huku nimekumbatia betri. Kumbe ukishautuma mzigo, unafanyiwa kazi kule kule kwenye seva. Nyumbani kukizima, wenyewe unaendelea, ukirudi unaangalia matokeo. Na laivu mzigo hauingii nusu: kikikwama kitu kimoja, vyote vinarudishwa. Kilichokuwa kinakula saa ni majaribio, maana msimbo wa Apex, lugha ya programu ya Salesforce, hauingii laivu mpaka majaribio yake yawe yameugusa angalau asilimia 75. Dawa yake ni kuuhakiki mzigo mapema bila kuupandisha, na ukipita una siku 10 za kuupandisha kwa haraka bila kurudia majaribio. Mimi nahakiki mchana ofisini Shangani, napandisha usiku wageni wamelala. Programu utakayonunua iwe inakuruhusu kutenganisha hayo mawili. Nyingine zinakifungia kitufe hicho kwenye daraja la bei ya juu.

Pia uliza programu hiyo inakuwaje Salesforce inapobadilisha toleo, mara tatu kwa mwaka. Sandiboksi nyingi zinapata toleo jipya wiki kadhaa kabla ya laivu, na katika wiki hizo unaweza kutengeneza kitu ambacho laivu bado haikielewi. Toleo la Oktoba linaitwa la majira ya baridi. Sisi huku tunajipepea tukingoja vuli. Bima na toleo vilitukuta pamoja, na kama nisingekuwa na haraka ningesubiri wiki mbili.

Bei sina mengi. Nyingi zinatozwa kwa kichwa, kwa dola, mkataba wa mwaka. Hesabu vichwa vinavyopandisha kweli, si vinavyotaka kutazama. Tofautisha pia zile zinazokaa ndani ya Salesforce yako na zile za nje zinazoomba ufunguo wa kuingia. Ukiwapa ufunguo, wape wa mtumiaji aliyetengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Usiwape wako, maana siku ukiacha kazi kila kitu kitasimama na utapigiwa simu ukiwa msibani.

Sasa wewe kaka wa Chake. Uko peke yako, na umesema mabadiliko yenu hayafiki kumi kwa mwezi. Usinunue mwaka huu. Salesforce wana DevOps Center, programu yao wenyewe ya kupandisha mabadiliko, walifungua rasmi Disemba 2022, hawatozi kitu. Inatunza kazi yako kwenye Git, mfumo wa kuweka historia ya kila badiliko, kwa hiyo utajua nani alibadilisha nini na lini, hata kama huyo nani ni wewe siku zote. Itakuchukua wiki moja kuizoea, na siku mbili za mwanzo utaichukia. Nakili sandiboksi upya kabla hujaanza. Ukitaka kuondoa sharti lililokosewa, lizime hilo sharti tu, usirudishe mzigo mzima. Na sharti la bima, tafadhali, liandike liwaache Watanzania. Nitakutumia langu ulinakili, nimeshalipa mimi.

Kama mpaka Juni mtakuwa wawili na mizigo imeanza kugongana, nipigie. Daftari langu lina wauzaji watano, na huyo wa onyo jekundu yuko ukurasa wa kwanza.