MASWALI YA JIKONI: Shoti tamu za pati, kuanzia kashata mpaka ubuyu

SWALI: Shikamoo anti, na mbukwenyi wasomaji wenzangu. Mimi niko Ilazo hapa Dodoma, mwezi ujao dada yangu anatimiza miaka 40 na tunamfanyia pati nyumbani, watu kama 30 hivi. Keki ipo ila nataka pia kuzungusha shoti ndogondogo, yaani zile pombe za glasi ndogo za kunywa mara moja, zenye ladha ya vitu vitamu, zile naziona mtandaoni za chokoleti na karameli, sasa vitu vyake vingi sivipati huku na vikipatikana bei imechangamka. Jana nimejaribu kuchanganya Baileys na juisi ya ukwaju, ikakatika mabonge mabonge kama mtindi. Tatizo nini, na nitengeneze nini kitakachopendwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa dada. Tuanze na hiyo iliyokatika maana ndiyo inayoharibia watu hela nyingi. Baileys ni krimu ya maziwa iliyochanganywa na wiski, Amarula nayo ni krimu, na krimu za namna hiyo zikikutana na kitu kichachu protini za maziwa zinashikana na kujitenga na maji. Ukwaju ni mchachu, limao, pasheni, ubuyu, hata divai, zote zina uchachu wake. Kwahiyo kabla hujaenda dukani gawa kabisa shoti zako mafungu mawili, za krimu peke yake na za uchachu peke yake, na zisikutane kwenye glasi moja.

Halafu achana na hizo za mtandaoni. Kinachofanya shoti iitwe tamutamu sio chupa ya gharama, ni mtu kuonja mara moja tu akajua hiki ni kitu fulani, na wageni wako wamekulia kashata na ubuyu, wewe wape hivyo hivyo vya kwao ndani ya glasi. Glasi ya shoti ya kawaida inaingia mililita 30, kwahiyo kwa watu 30 shoti mbili mbili unahitaji 60, yaani lita moja na mililita 800 kwa jumla. Nakupa aina mbili, kila moja inatoa 30.

Ya kwanza kashata ya nazi. Chukua nazi mbili kubwa, zikune, chuja tui zito la kwanza mililita 300 na usiongeze maji mengi. Weka sukari nusu kikombe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, iache iyeyuke mpaka iwe rangi ya hudhurungi (ikifika nyeusi tupa uanze upya, itakuwa chungu na hakuna cha kuiokoa), kisha mimina tui kidogo kidogo ukikoroga na ukae mbali kidogo maana inaruka sana. Tia chumvi ya kubana kwa vidole viwili, tafadhali usiiruke hii chumvi, bila hiyo utamu unakaa mzito mdomoni mtu hamalizi hata glasi moja, na iliki ya kusaga kidogo. Ipoe kabisa. Ndio uweke Amarula mililita 450 na Konyagi mililita 150, piga kwenye blenda, weka friji. Tui likipata baridi mafuta yake yanapanda juu na kuganda, usishtuke, tikisa tu chupa kabla ya kumimina. Mdomo wa glasi pakaza asali kisha chovya kwenye kashata ya karanga iliyotwangwa. Hapo mgeni anaanza na karanga anamalizia na nazi, na hakuna atakayeulizia chokoleti.

Ya pili ubuyu, na kwa kweli hii ndiyo ningeiweka mbele, mtu anaishi mkoa uliojaa mibuyu halafu anahangaika kutafuta stroberi! Chukua unga wa ubuyu vikombe viwili, loweka kwenye maji ya moto lita moja, koroga, acha nusu saa, chuja kwa chujio lenye matundu madogo sana au kitambaa safi maana chengachenga zikibaki shoti inakuwa kama mchanga. Rudisha jikoni na sukari kikombe kimoja, iliki, mdalasini kijiti kimoja, na pilipili manga kidogo ukipenda, chemsha taratibu mpaka ibaki kama mililita 600 na iwe nzito ya kuteleza. Ikipoa weka Konyagi mililita 300. Usiweke Konyagi ikiwa jikoni, pombe nyingi inakwenda na mvuke na mvuke wake unashika moto. Ukitaka rangi nyekundu kama ule ubuyu wa mbegu wa Zanzibar weka rangi ya chakula matone mawili, mie naipenda hivihivi ilivyo.

Kama utataka zile za tabaka tabaka, kanuni ni moja, chenye sukari nyingi ndicho kizito na kinatangulia chini, chepesi kinafuata juu, na unamimina polepole juu ya mgongo wa kijiko. Ile maarufu ya B-52 imepangwa hivyo, Kahlúa (pombe tamu ya kahawa) chini, Baileys katikati, Grand Marnier (pombe tamu ya machungwa) juu.

Sasa nisikilize kwa makini hapa. Konyagi ina asilimia 35 na Amarula 17, lakini ikishaingia kwenye nazi na sukari mtu haisikii kooni, anakunywa kama soda, dakika ishirini baadaye ndio inamkuta. Zungusha shoti baada ya watu kula, sio kabla, mbili au tatu kwa mtu zinatosha, maji ya kunywa yawe kila meza, na wenye magari na pikipiki jua mapema nani anarudi na nani. Za tui na krimu zisikae juani, joto la huku unalijua, umeme ukikatika uwe na ndoo ya barafu pembeni.

SWALI: Anti mimi wa Kondoa. Nimetengeneza jeli za nanasi na pombe kwenye vikombe vidogo, zimelala friji usiku mzima hazijaganda hata kidogo. Nimeongeza jeli pakiti ya pili bado ni maji tu.

JIBU: Nanasi ambalo halijapikwa ndilo linaloharibu. Lina kimeng'enya kinachokata kata protini ya jelatini, hata uweke pakiti tano haishiki, na papai bichi kwa bivu tabia yake ni hiyo hiyo. Chemsha juisi dakika tano kwanza, moto unakiua, au tumia nanasi la kopo ambalo limeshapikwa kiwandani. Na pombe isizidi, pakiti inayotaka nusu lita ya maji weka maji yanayochemka mililita 250, koroga mpaka chembe ziishe, halafu maji baridi 100 na Konyagi 150. Ukipitisha sana hapo huenda ikabaki uji. Ombi langu kubwa, jeli hizi watoto hawazitofautishi na za kwao, ziweke rafu ya juu ya friji au friji iliyo kwenye chumba chenye ufunguo, na siku hiyo usiwape watoto jeli ya aina yoyote ili wasizitafute.

SWALI: Nusu ya wageni wangu hawanywi, wengine Waislamu wengine walokole. Wanywe soda tu wakati wenzao wanapewa shoti?

JIBU: Hapana, wafanyie yao na iwe nzuri kuliko zile nyingine. Tende 15 zitoe kokwa, loweka kwenye maziwa ya moto vikombe viwili, saga na kahawa nzito nusu kikombe, iliki na chumvi chembe, chuja, poza. Juu nyunyiza kashata iliyotwangwa. Ile ya ubuyu nayo bila Konyagi inakwenda vizuri, ongeza maji baridi kidogo tu. Jeli kwa wageni hao angalia pakiti, jelatini nyingine inatokana na nguruwe, tafuta yenye alama ya halali au tumia agar-agar, ile jeli ya mwani. Zipange kwenye trei yake, glasi za umbo tofauti kabisa na zile zenye pombe, na anayezungusha awe mtu mmoja anayejua ipi ni ipi tangu mwanzo mpaka mwisho wa shughuli.