Barua kwa mwanangu: mkasi wa Gede

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Umeuliza mjukuu wangu, kwa miaka yake sita, aanze kuoneshwa mambo ya kale Fort Jesus, ngome ya hapo Mombasa, au Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi. Kwanza niambie: mmepanga kumwonesha vitu vingapi? Maana safari moja, kitu kimoja. Nimelisema hili hadi mama yako hulimalizia kabla yangu.

Fort Jesus ina mengi mno. Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi 1698, Waingereza wakaifanya jela mpaka 1958. Ukimmwagia yote hayo atarudi na mizinga tu. Ingawa mizinga si haba: aihesabu, atazame midomo yake imeelekea wapi na adui alitokea upande gani, kisha mrudi nyumbani.

Gede ni mambo mengine. Majumba yake yalipewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa ndani: Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Mkasi. Hiyo ya mkasi unaikumbuka? Ulisimama mlangoni ukauliza, “Baba, mkasi aliuangusha nani?” Nami, roho iko kwenye matatu ya kurudi, nikakujibu, “Ni jina tu, twende.” Jina tu! Mtoto ameuliza swali la wachimbuaji wenyewe, na mimi nawaza nauli. Mpaka leo linanichoma.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya safari, tafuteni ndoo. Chini tieni mchanga na kigae cha chungu, juu yake udongo mwekundu na kifungo cha shati, juu kabisa mchanga tena na kifuniko cha soda. Kila tabaka unene wa vidole vinne, ulioloweshwa kidogo na kushindiliwa. Mchanga ukiwa mkavu unaporomoka, tabaka zinachanganyika, na somo zima la kwamba cha chini ndicho cha zamani linapotea. Achimbe kwa kijiko, na kila akipatacho aseme kilikuwa cha nani. Akikosea msimsahihishe.

Siku yenyewe fikeni asubuhi, kabla jua halijakaza. Viatu vya kufunika vidole, kwa sababu mizizi imetambaa njiani na mawe ya matumbawe huchuna ngozi. Chakula kikae kwenye begi la zipu. Tumbili wa pale wakisikia mfuko wa plastiki unachakarika wameshafika. Ukutani asipande, chokaa ya zamani humeguka. Kwenye kisima cha Msikiti Mkuu mshike mkono, ni kirefu. Kisha afuate kwa macho njia ya maji mpaka kwenye birika la kutawadhia.

Halafu kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka mtupu haumwambii kitu mtoto wa miaka sita. Bebeni kokoto 25 kutoka nyumbani mzipange mstari: hii wewe, hii mama, hii bibi, hii mama yake bibi. Kila kizazi ukikipa miaka 25, kokoto ya mwisho inakaribia mwaka ule. Kutoka ndani ya magofu msiokote chochote, hata kigae.

Haya, nimetaja kisima, kaburi na mkasi, tayari vitatu. Ndiyo tabia yangu, na ndivyo nilivyokuchosha wewe. Chagueni kimoja. Mkichukua mtembezaji, mwambieni mapema mnataka nyumba moja tu, la sivyo atawazungusha mji mzima kwa saa nzima na mtoto ataanza kuulizia maji.

Sasa, Fort Jesus au Gede? Mtoto ni wako, mimi simo. Fort Jesus ni hapo hapo mjini, Jumamosi yoyote mnakwenda kwa miguu. Sisemi zaidi. Lakini ikitokea mkaenda Gede, naye akasimama mlangoni akauliza habari za mkasi, usimjibu. Nipigie simu, umpe azungumze nami.

Baba yako