Injini Inagonga: Ni Pini ya Pistoni au Kitu Kingine?

Fundi, nikiwa kwenye foleni ya feri huku Likoni, injini inagonga "ka-ka, ka-ka". Fundi mmoja asema ni tapeti, mwingine pini ya pistoni. Nimsikilize nani? (Dereva wa teksi)

Huyo wa pini ana hoja. Pini ndiyo inayoiunga pistoni (kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda) na konrodi (mkono unaozungusha mhimili wa injini, yaani kranki), na nafasi iliyoachwa hapo ni karibu sehemu moja tu ya mia ya milimita. Pini au bushi (bomba dogo ambamo pini hukaa) ikilika, kila pistoni inapogeuza mwendo pini hugonga upande huu kisha ule. Ndiyo maana wasikia mlio mkavu wa mara mbili mbili, hasa injini ikinguruma taratibu. Tapeti (kisukuma valvu) mlio wake ni mwepesi, watoka juu kwenye kifuniko cha valvu, tena mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki.

Kabla injini haijafunguliwa, fundi achomoe soketi za umeme za nozeli (vinyunyizi vya mafuta), moja baada ya nyingine, injini ikiwaka. Silinda ambayo ikizimwa mlio unabadilika, hapo ndipo penye kisa. Achomoe soketi ya nozeli, asichomoe ya koili (inayoipa plagi umeme): ukizima koili, petroli isiyoungua yaingia kwenye eksozi na kuharibu katalisti (kisafisha moshi), na bei ya katalisti waijua.

Langu linagonga asubuhi tu, likipata moto linanyamaza. (Kisauni)

Hiyo mara nyingi ni pistoni yenyewe kucheza ndani ya silinda. Alumini hupanuka kuliko chuma, kwa hiyo ikipata moto nafasi inajibana. Hata joto letu la Mombasa, kwa injini iliyolala usiku kucha ni baridi. Endesha, ila oili usiiache ipungue.

Nimefanyiwa ovahoo, pistoni mpya, na sasa kelele zimezidi! (Changamwe)

Pole, ndugu yangu. Muulize fundi alama ya mshale au nukta juu ya pistoni alielekeza wapi. Kwenye injini nyingi pini haikai katikati kabisa. Imesogezwa kando kidogo makusudi, ili pistoni isijipige ukutani ikibadilisha upande. Ikifungwa kinyume, inajipiga. Muulize pia pini aliingizaje. Zile za kubana kwenye konrodi huingizwa kwa presi au kwa kupasha konrodi moto. Aliyetumia nyundo huenda amepinda konrodi au kukwaruza pistoni. Zile zinazoelea hushikwa na vipete pembeni, na kipete cha zamani hakirudishwi: kikichomoka, pini inachimba ukuta wa silinda, na hapo utanunua bloku.

Oili nzito itaponya pini? (Tudor)

Itapunguza kelele kwa muda. Chuma kilicholika hakirudi.

Gari latetemeka mpaka usukani. Ni pini? (Bamburi)

Pini hugonga, si kawaida yake kutikisa gari zima, dada. Tazama plagi na koili kwanza, kisha maunti (mipira inayoshikilia injini). Kama ni gari la otomatiki, fungua boneti usimame kando, mtu akanyage breki sawasawa, aweke D, aongeze mafuta kidogo. Injini ikiinuka sana upande mmoja, huenda maunti imekatika.