Zuhura mwanangu, ulikuwa umelala

Kwako mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku Watamu hatujambo, isipokuwa goti la mamako, ambalo kusi ikianza tu na lenyewe huanza. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza, mkija Agosti, kama Bakari na Imani, huyu wa miaka saba na huyu wa minne, wamefikia umri wa kupanda boti kwenda kuangalia nyangumi, au mngoje wakue kidogo.

Mtu mwingine angekujibu kwa neno moja. Mimi kila nikisikia nyangumi wametajwa pamoja na watoto, mawazo yananirudisha kwenye ile boti ya jirani yetu, na wewe unaijua.

Nianze na yale mepesi. Nyangumi hawa wa nundu hawaji wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia kama maji ya beseni. Wanatoka kwenye barafu ya Antaktika, kwenye chakula chao, wanapanda hadi huku kwetu penye maji ya vuguvugu kuzaa na kunyonyesha. Tunaanza kuwaona Julai, Agosti na Septemba ndio wengi, yaani ndani ya kusi hasa. Wanaouza safari hizi watakuonyesha picha ya nyangumi ameruka hewani, hawatakuonyesha picha ya mtoto ameinamia ndoo. Na ukishalipa usidhani umenunua nyangumi. Boti hukodishwa, bahari haikodishwi. Najua mmechoka kunisikia nikilisema hilo, lakini sijapata la kuliondoa.

Kwa hiyo asubuhi ile wasinywe chai ya maziwa. Mkate mkavu na tangawizi kidogo vinatosha. Dawa ya kichefuchefu muulize daktari huko huko Nairobi, kwa uzito wa kila mmoja. Wakae katikati ya boti, si gubetini panaporuka, wala si nyuma kabisa kwenye moshi wa mashine. Wasishike simu, waangalie mbali, pale maji yanapokutana na mbingu. Na kabla hamjakanyaga botini, hesabu jaketi za kuokolea, tena za saizi ya mtoto, umvalishe Imani uivute mabegani uone kama inampanda masikioni. Kama inapanda, shukeni.

Siku ile yetu zilikuwa mbili. Tulikuwa watano. Barua hii usimsomee mamako kwenye simu.

Ulikuwa na miaka tisa, nduguyo Kassim sita. Ile mashine ya jirani, ya farasi kumi na tano, niliifungua mimi mwenyewe barazani, wiki nzima, mamako akilalamika kwamba mkeka wa kulia unanuka petroli. Asubuhi ya kutoka akaniuliza, "Ni nzima?" Nikamjibu, "Ni nzima kuliko mimi." Maneno hayo yamenikaa hapa kooni mpaka leo.

Tulipokuwa ndani ya mwamba wa matumbawe, kwenye maji yaliyotulia, mlikuwa mnaimba. Tulipovuka mlango wa mwamba bahari ikatunyanyua, ikatuachia, na wewe ukaacha kuimba. Ulitapika chai na mahamri, ukatapika maji, mwisho ukawa unatoa sauti tu, hakuna kitu. Ukajilaza chini, juu ya kamba ya nanga, uso ndani ya kanga ya mamako. Usingizi ukakuchukua. Shavu lako lilikuwa limechapwa alama za ile kamba, mistari mistari, kama mkate uliofunikwa na kawa.

Tukiwa mbali na mwamba, mashine ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nilivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Nikafungua chujio, na pale chini ya petroli nikaliona tone la maji limekaa, duara, linaniangalia kama jicho la samaki. Maji kwenye mafuta! Kosa la mwanafunzi. Mimi, ambaye nusu ya mashine za pwani hii zimepita mikononi mwangu. Jirani akatupa nanga, kamba ikaisha na nanga haikugusa chini, na kusi ikawa inatusukuma kaskazini polepole, kimya, hakuna aliyekuwa akisema kitu.

Ndipo nikasikia mtu anapumua.

Nilidhani ni wewe. Ilikuwa pumzi nzito, ya mtu anayetua gunia, halafu ikaja harufu, samaki aliyesahauliwa kapuni. Nikageuka. Mama na mtoto. Mtoto peke yake alikuwa akikaribia urefu wa boti yetu. Mama sikuweza kumpima, maana alipoanza kupita chini yetu maji yaligeuka rangi na hayakumalizika kugeuka. Kitabu cha skuli kilisema mita kumi na nne, kumi na tano, na mimi nilikuwa nikiwafundisha watu kusoma rula kazini, lakini siku ile mita hazikunisaidia. Pezi lake la ubavuni, jeupe chini ya maji, lingeweza kuwa ngalawa ndogo. Yule mtoto hawezi kuzuia pumzi kama mamake, basi akawa anakuja juu, anavuta, anarudi chini ubavuni kwake, mara tatu, mara nne. Muda wa kumaliza kikombe cha chai. Leo manahodha wameambiwa wasiwasogelee chini ya mita mia moja, na ni sawa kabisa. Sisi hatukumsogelea mtu, tulikuwa tunaelea kama nazi.

Kassim alinishika shati akajikojolea. Hajawahi kukubali. Usimwambie nimesema.

Babu yako tulipomwelezea jioni alituona waongo. Yeye alivua maisha yake yote na waliomtokea anawahesabu kwa vidole. Lakini ujana wake uliangukia miaka ile walipokuwa wanachinjwa huko kusini na meli za kiwanda. Hawa wa nundu wa upande wetu wa dunia walikatazwa kuwindwa 1963, na uwindaji wa biashara wa nyangumi wote ukasimamishwa 1986. Ndiyo maana wewe unaweza kuniuliza swali hili na mimi sikuweza kumuuliza babu yako.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Nilikutazama. Nilinyoosha mkono nikufinye sikio, kama nilivyokuwa nikikuamsha kwa ajili ya skuli, nikaurudisha.

Miaka yote nimejiambia ilikuwa huruma. Mtoto ameteseka, usingizi ndio kwanza umemchukua, umwamshe aanze tena kutapika kwa sababu ya mgongo wa samaki? Najua si samaki, wananyonyesha, usinisahihishe. Na huruma ilikuwepo, sitaikana. Ila nilikuwa pia na spana mkononi. Ungefumbua macho, kabla ya nyangumi ungeniona mimi, na ungeuliza, "Baba, mbona mashine haiwaki?" Ulikuwa mtoto wa kuuliza hivyo. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililourudisha mkono wangu. Siku nyingine nasema la kwanza. Nikikosa usingizi nasema la pili.

Mashine iliwaka nilipomwaga yale mafuta na kuunganisha galoni la akiba. Wewe uliamka tumeshaingia ndani ya mwamba. Usiku Kassim akaimwaga hadithi yote mezani, na mikono yake. Wewe hukusema kitu. Ulinyanyua sahani yako ukaenda kulia jikoni. Kama ni wali au ni machozi, sikwenda kuangalia.

Basi, umri. Kassim alikuwa na sita akaona, wewe ulikuwa na tisa ukalala, na mimi nilikuwa mtu mzima nikainamia chujio. Utatoa hesabu gani hapo? Imani atakumbuka biskuti. Bakari, kwa alivyo, angesimama gubetini mpaka giza. Kuna pia papa shilingi kule kisiwani Mafia, yule mkubwa mwenye madoa kama sarafu, ambaye yeye ni samaki kweli. Huonekana tangu Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, na maji huwa mapole zaidi. Unaweza kuwaanzia hapo. Lakini Bakari hajauliza papa shilingi, ameuliza nyangumi, na mimi nilimsikia kwenye simu alivyolitaja.

Mimi sisemi mwende, sisemi msiende. Watoto ni wenu, wewe na mumeo. Ingawa kama ni Bakari peke yake... haya, nimenyamaza. Boti hukodishwa, bahari haikodishwi, mwambieni hivyo kabla hajaanza kuhesabu siku.

Mkiamua kwenda wote, niwekeeni nafasi. Nitakaa chini pembeni ya Imani, na akilala nitakuita wewe uje uamue. Mashine sitaigusa.

Mamako anakusalimu, anauliza kama mtaleta ule unga wa wimbi.

Babako