Binti amuulize nani mambo ya utu uzima?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nina miaka 16, niko Tanga. Nilipovunja ungo nilidhani naumwa, siku mbili sikumwambia mtu. Nilipomuuliza mama akasema, "Huna haya?" akatoka jikoni. Ustadhi wetu naye husema mtoto akiyajua hayo ataharibika. Sasa kuna kijana ananitumia meseji, na shoga zangu wananipa ushauri nisiouamini. Nikiuliza napata dhambi? Nimuulize nani?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Binti yangu, karatasi yako imenifikia imekunjwa mpaka imekuwa kama hirizi. Pole sana kwa siku mbili zile za hofu.

Hupati dhambi. Sala yako, funga yako na josho lako la tohara vinategemea elimu hiyo, kwa hiyo kuitafuta ni wajibu wako, na ilikuwa wajibu wetu wakubwa kukupa kabla damu haijakutangulia.

Ama huyo asemaye kuwa kujua kunaharibu, namuuliza: Ummu Sulaym aliharibika? Alimwendea Mtume (s.a.w.) mwenyewe akamuuliza kama mwanamke akiota ndoto ya tendo la ndoa huwajibika kuoga. Alianza kwa kusema Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki, na akajibiwa. Bibi Aisha (r.a.) akawasifu wanawake wa Kiansari, wenyeji wa Madina, kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Yupo pia kijana aliyemwomba Mtume ruhusa ya kuzini, maswahaba wakamkemea. Mtume alimwita karibu, akamuuliza kama angependa hayo kwa mama yake, binti yake, dada yake, kisha akamwekea mkono akamwombea dua. Leo kijana yule angefukuzwa chuoni kwa viboko, kisha tushangae amejifunzia kwenye simu!

Wanatutolea hadithi kwamba haya ni katika imani. Ni kweli, nami naishika. Lakini tazama Sayyidna Ali alivyofanya alipokuwa na swali la madhii, majimaji yamtokayo mtu kwa matamanio. Alimwonea haya Mtume, kwa kuwa ni baba wa mkewe, basi akamtuma swahaba mwenzake Miqdad amuulizie. Haya yake ilibaki na jibu alilipata. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo vizuri: mama akishindwa kusema na mwanawe, alimtafutia somo, yaani mwanamke mzima wa kumfunda. Tumewaacha makungwi, wengine kwa sababu ya ngoma na maneno machafu, jambo ambalo nami nililikemea, lakini hatukuweka mtu mahali pao. Kosa hilo ni letu, si lako.

Kwa hiyo mrudie mama yako kwanza, wakati ametulia. Usimhukumu, huenda yeye pia hakuambiwa. Akishindwa, nenda kwa bibi, shangazi, ustadha wa darsa la wanawake, au nesi wa kike wa zahanati, maana mambo ya mwili ni elimu yake. Usimuulize mwanamume mkiwa faragha, hata awe mwalimu wa dini. Na mtu yeyote akikugusa au akakwambia "hii iwe siri yetu", mwambie mkubwa unayemwamini siku hiyo hiyo, au piga 116, simu ya watoto.

Huyo kijana, usimjibu kwanza. Mwonyeshe meseji zake huyo utakayempata. Hata kama umekwisha kumjibu, usikae nalo peke yako kwa kuogopa lawama.

Na kama mdomo utakuwa mzito, mpe mama karatasi hii, umwambie: "Mama, sheikh amesema unitafutie somo."

Wallahu a'lam.