Maswali na Majibu: Jiko la Mgeni Nyanda za Juu

Mimi ni Mkongomani wa Lubumbashi, naishi Mwanjelwa, Mbeya. Nataka kufungua mgahawa wa vyakula vya kwetu: bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki. Nawategemea madereva wa malori ya Congo, lakini na wenyeji pia. Jirani ananishawishi tukate leseni kwa jina lake ili nikwepe gharama za vibali, nami niwe namlipa kidogo kila mwezi. Nianzie wapi?
*Mama wa Bukari, Mwanjelwa*

Anza kwa kumkatalia jirani, dada. Leseni ikiwa kwa jina lake, basi TIN (namba ya mlipakodi) ni yake, mashine ya EFD ya kutolea risiti ni yake, mkataba wa pango ni wake na akaunti ya benki ni yake. Wewe kisheria ni mtu aliyekutwa jikoni bila kibali. Siku mgahawa ukichangamka anaweza kukuambia asante, kwaheri, na hutakuwa na karatasi hata moja ya kumpeleka nayo mahali.

Amri ya mwaka 2025 inayowakataza wasio raia kufanya baadhi ya biashara ina orodha ya shughuli 15. Mgahawa haumo, kwa hiyo njia yako ya halali ipo. Mitego iko pembeni ya mgahawa. Uwakala wa kutuma pesa kwa simu umekatazwa. Duka la rejareja limekatazwa, kwa hiyo usiweke kibanda cha sabuni na sukari pale kaunta. Hata kununua mazao shambani kumekatazwa: kama una hesabu ya kupanda vijijini, tuseme Isyonje, kuchukua viazi kwa mkulima ili upate nafuu, iache, nunua sokoni au kwa msambazaji Mtanzania. Anayekiuka hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali chake hufutwa. Mtanzania anayemsaidia naye ana adhabu yake, jambo ambalo pengine jirani hajalisikia.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Sajili kampuni kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uchukue TIN ya kampuni TRA, mamlaka ya mapato, ndipo usaini mkataba wa pango kwa jina la kampuni. Ukiwa na hizo unaomba kibali cha kazi daraja A kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi daraja A Uhamiaji. Ni vibali viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Leseni ya biashara inakuja baadaye, kwa sababu asiye raia huombwa nakala ya kibali cha ukaazi. Congo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukuondolea hatua hizi, usidanganywe na mtu wa stendi.

Kwenye pango watu wengi huumia kimyakimya. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio asilimia 10 na kuipeleka TRA. Kodi ya pango ikiwa shilingi 400,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anapokea 360,000 na 40,000 inakwenda serikalini. Wenye nyumba wengi hutaka pesa yao kamili mkononi, na ukikubali bila kusema kitu, hiyo 40,000 inatoka mfukoni mwako. Limalizeni kabla ya kusaini. Usilipe mwaka mzima kwa mkupuo. Miezi sita inatosha, maana pesa utakayoimwaga kwenye kodi ndiyo ambayo ingekununulia unga miezi ya mwanzo wateja wakiwa bado hawajakuzoea.

Kabla ya kupenda jengo la kando ya barabara kuu, pima. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, inapanuliwa ndani ya Mbeya, kipande cha Nsalaga hadi Ifisi. Jengo lenye alama ya X ukutani liache hata kama kodi yake ni ya kutupwa. Tena lori la trela haliegeshwi mbele ya fremu. Kama unawataka madereva, tafuta uwanja wa kuegesha kwanza, mlango wa mgahawa baadaye.

Sasa hesabu ya sahani, ambayo ndiyo hasa itakayoamua kama utakuwepo mwakani. Bei zifuatazo ni za mfano, weka za wiki yako. Sahani 50 za bukari, sombe na samaki zinahitaji:

Unga wa sembe kilo 8 na maji kama lita 16, unapata bukari ya gramu 450 kwa kila mtu. Tuseme 12,000.
Kisamvu kilichotwangwa kilo 5, mawese lita 1, karanga za kusaga kilo 1, vitunguu kilo 1, bilinganya kilo 1. Tuseme 32,000.
Samaki kilo 9. Ukishaparua, kutoa matumbo na kukata vichwa hubaki kama kilo 6, yaani vipande 50 vya gramu 120. Tuseme 81,000.

Jumla 125,000, sawa na 2,500 kwa sahani. Zidisha kwa 3: theluthi ni chakula, theluthi ni mishahara, pango na nishati, iliyobaki inabeba kodi, vinavyovunjika na faida. Bei inakuwa 7,500. Wa Mwanjelwa aliyezoea wali maharage hatakaa mezani kwako kwa bei hiyo. Lakini itazame orodha tena: samaki peke yake amekula karibu theluthi mbili ya gharama. Mtoe, weka dagaa wa 20,000, sahani inashuka hadi 1,280 na unaweza kuiuza 4,000. Hiyo ndiyo iwe sahani ya kila siku, na samaki aandikwe kivyake kwa anayemtaka. Kosa la wageni wengi ni kuandika menyu kwa kumbukumbu ya nyumbani badala ya kuiandika kwa kalamu ya hesabu.

Na usipike 50 kwa sababu sufuria ni la 50. Ukipika 50 ukauza 40, kila sahani imekugharimu 3,125, si 2,500. Wiki mbili za kwanza andika kila siku ulichopika, ulichouza na ulichomwaga.

Kuhusu lugha ya menyu: andika "sombe (kisamvu cha mawese)" na "bukari (ugali)". Mnyakyusa hataagiza asichokijua, lakini kisamvu anakijua tangu utotoni. Muhogo haupendi baridi ya Uyole, kwa hiyo majani hutoka mabondeni, Kyela na huko chini. Mawese pia Kyela yapo. Kisamvu kitwange kilainike, kichemshe kwanza bila kufunika ili sumu ya asili ya majani ya muhogo itoke na mvuke, ndipo uweke mawese. Karanga ziingie dakika 20 za mwisho. Ukizitanguliza zinashika chini na sufuria zima linanuka moshi.

Natoka Karonga, Malawi, nimeajiriwa kupika kwenye mgahawa wa Uyole. Maharage ambayo nyumbani yalikuwa yanaiva mchana, hapa jioni bado magumu. Bosi anasema nabana gesi. Tatizo ni maharage?
*Mpishi wa Uyole*

Tatizo ni mwinuko, ndugu. Karonga iko ufukweni mwa ziwa, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Uyole iko juu ya mita 1,700, na maji huchemka kwenye nyuzi 94. Moto ukiongezwa, maji yanatokota kwa kelele zaidi lakini hayapati joto zaidi. Gesi inaungua bure, na hapo bosi ana haki ya kununa.

Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya yasiyo na chumvi wala nyanya. Nyanya ikiingia mapema, uchachu wake huzuia ganda kulainika. Ingoje maharage yaive kabisa. Dawa yenyewe ni sufuria la presha, kwa sababu mvuke uliofungiwa hupandisha joto kupita nyuzi 100 hata huku juu. Usilijaze maharage na maji kupita nusu, maana povu na maganda huziba tundu la mvuke. Kama hata kwa presha yanagoma, hayo ni ya msimu uliopita yaliyokaa ghalani. Yajaribu kabla ya kununua gunia: pika kikombe kimoja kutoka sampuli. Muuzaji anayekataa kukupa kikombe amekwisha kukujibu.

Mkeo au dada yako akilalamika kwamba wali nao unabaki na kiini, sababu ni hiyo hiyo. Ongeza maji kidogo, na ukaushie kwa moto mdogo kwa muda mrefu zaidi.

Sisi ni Wahabeshi, tuna mgahawa mdogo Mafinga. Tangu baridi ianze rojo la injera, mkate wetu mwembamba na laini, halichachuki, na likichachuka injera haina macho, vile vitundu vya juu. Unga wa teff, nafaka ya kwetu, nao tunauagiza mbali kwa bei kubwa. Tufanyeje?
*Wenye mgahawa, Mafinga*

Hayo ni mambo matatu. Tuanze na baridi. Chachu ya injera inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 25. Usiku wa Juni Mafinga ni baridi mno, na rojo lililochukua siku mbili au tatu kwenye joto linaweza kukaa siku tano likiwa limelala. Msililaze sakafuni. Mafinga ni mji wa mbao: chukueni sanduku, jazeni maranda makavu pembeni na chini, tumbukizeni ndoo yenye mfuniko katikati, na pembeni yake chupa mbili za maji ya uvuguvugu, mbadilishe asubuhi na jioni. Koroga unga kilo 1 kwa maji kama lita 1.5 ya uvuguvugu, na weka mililita 100 hadi 150 za yale maji ya juu ya rojo lililotangulia. Mkiyamwaga yote kila mara, kila rojo linaanza upya, na kwenye baridi hilo ndilo linalowachelewesha.

Macho hayaji kwa kuchacha peke yake. Rojo likishachacha, mwageni maji ya juu, chukueni sehemu moja katika kumi ya rojo, ichemsheni na maji mara tatu yake huku mkikoroga mpaka iwe uji mzito. Uache upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo muurudishe. Mkiurudisha wa moto mnaua chachu. Ngojeni saa moja au mbili mpaka mapovu yapande tena, kisha mimineni kwenye kikaango chenye moto wa kutosha, na mfunike macho yakishafunguka. Haigeuzwi. Mfuniko ukidondosha maji juu ya injera, ufuteni kila mara.

Teff changanyeni na ulezi, unaopatikana kirahisi Nyanda za Juu. Anzeni na teff sehemu 3 kwa ulezi sehemu 2. Ulezi ukizidi nusu, injera hukatika ikikunjwa. Uosheni kabla ya kusaga, maana ulezi wa sokoni una mchanga, na punje moja ya mchanga kwenye jino la mteja inafuta ladha yote. Uchekecheni kwa chekeche laini.

Mtungi wetu wa gesi unaota barafu nje na moto unafifia wakati bado ni mzito. Tumeibiwa?
*Mpishi, Njombe*

Hapana. Gesi ikigeuka kutoka maji kuwa hewa hunyonya joto la mtungi. Mtungi wa kilo 15 ukilisha majiko matatu makubwa asubuhi ya baridi unapoa kuliko unavyoweza kujipasha, na gesi inagoma kutoka ingawa imo. Tumia mtungi wa kilo 38, au unganisha miwili kwa kiungo maalumu kilichofungwa na fundi wa gesi, ili kila mmoja utoe nusu. Uwe wima, mahali penye hewa. Wapishi wengine huweka makaa karibu na mtungi ili upate joto. Hilo likome leo. Ukitaka kuusaidia, mwagia maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia, na jiko lizimwe kwanza.