Mshale wa presha ya oili ukilala: pima kwanza, injini itafunguliwa baadaye

Injini nyingi za Land Cruiser pikapu zimefunguliwa bure kwa sababu ya mshale wa dashibodi. Nyingine zimenoki kwa sababu dereva aliambiwa "hiyo ni sensa tu, twende." Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: hakuna aliyepima presha yenyewe. Makala hii inahusu zaidi pikapu za injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita ya cc 4,164 inayobeba magari ya mkonga huku kwetu, lakini mpangilio wa kutafuta tatizo ni uleule kwa Hilux na pikapu nyingine.

Kwanza barabarani. Mshale ukianguka ghafla au taa nyekundu ya birika ikawaka, egesha na uzime injini hapohapo, hata kama sheli iko kilomita mbili mbele. Krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, haigusani na beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili usiofikia hata sehemu ya kumi ya milimita. Utando ukikatika huku gari lina mzigo, kilomita mbili zinatosha kabisa kuharibu krenki. Subiri dakika kama kumi oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, gari likiwa mahali tambarare, kisha chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, uichomoe tena ndipo usome.

Kama oili iko chini ya alama ya chini, huenda jibu umeshalipata. Pampu inavuta hewa. Dalili yake inajulikana: mshale unaanguka kwenye kona kali, kwenye mteremko au unapokanyaga breki, halafu unarudi gari likinyooka. Ongeza oili mpaka alama ya juu, uangalie chini ya gari inakovujia, na kama haivuji basi injini inaikula. 1HZ inabeba oili inayokaribia lita 10, kwa hiyo ikifika mahali pampu inavuta hewa ujue kimepotea kiasi kikubwa, si vikombe viwili.

Kama oili iko sawa, fungua boneti, mtu mmoja awashe na kuangalia mshale, mwingine asikilize. Sekunde tano au kumi zinatosha. Mlio mwembamba wa kugongagonga juu, kwenye kamshafti na tapeti, una maana oili haifiki juu. Mlio mzito unaotoka chini na kuongezeka ukikanyaga mafuta ni beringi. Huo ukiusikia zima, usiwashe tena, tafuta gari la kukuvuta. Injini ikiwa kimya kabisa na mshale umelala, uwezekano kwamba tatizo ni la umeme unaongezeka sana, lakini bado ni uwezekano tu.

Sasa umeme. Tafuta sensa ya presha kwenye bloku, upande wa filta ya oili. Ina waya mmoja tu, kwa sababu athi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari, inapita kwenye nyuzi zake za kufungia. Chomoa waya, washa swichi bila kuwasha injini: kwenye Toyota za zamani mshale unatakiwa ubaki chini. Kisha chukua taa ndogo ya wati 3.4, unganisha waya ule na athi kupitia taa hiyo. Taa iwake, na mshale upande kuelekea juu. Usiugusishe waya kwenye bodi moja kwa moja bila taa, maana unaweza kuunguza geji uliyokuja kuipima.

Hapa subira inahitajika. Geji za zamani za Toyota zinafanya kazi kwa joto: ndani kuna kipande cha metali mbili zilizoshikana, kimezungushiwa waya mwembamba, umeme ukipita waya unapata moto, kipande kinapinda na kuusukuma mshale. Ndiyo maana mshale unapanda polepole kila asubuhi na unashuka polepole ukizima. Hesabu mpaka kumi na tano kabla hujatoa hukumu. Mshale ukifika juu, geji na waya ni vizima, na mshukiwa ni sensa au oili yenyewe. Usipocheza, fuatilia fyuzi, soketi ya nyuma ya dashibodi na waya wenyewe, hasa pale unapopita karibu na eksozi. Geji ya dizeli na ya joto nazo zikiwa zimechanganyikiwa wakati uleule, acha sensa. Angalia moto (umeme wa chanya) na athi ya dashibodi nzima.

Sensa ya aina hiyo ya zamani usiipime kwa mita ya omu ukategemea namba, kwa sababu ndani yake kuna kontakti inayogusa na kuachia mfululizo. Ipime kwa taa ileile: kutoka chanya ya betri, kupitia taa, mpaka kwenye ncha ya sensa. Injini ikiwa imezimwa taa isiwake. Injini ikiunguruma taa ipepese, na kupepesa kubadilike ukikanyaga mafuta. Ikibaki imezimwa wakati injini inaunguruma, ama sensa imekufa ama presha hakuna, na hapo taa haiwezi kukuambia ni lipi.

Tahadhari mbili kuhusu sensa mpya. Ya kwanza, mafundi wengi wanaifunga kwa tepu nyeupe ya mabomba mizunguko sita saba. Athi inakatika, mshale unalala, na mwenye gari anaambiwa pampu imekufa. Sensa yenye nyuzi za mchongo wa koni inaziba yenyewe. Ukitaka kitu, paka silikoni kidogo kwenye nyuzi za katikati tu na uache nyuzi za mwanzo zikiwa safi. Ya pili, sensa haichaguliwi kwa macho. Sensa nyingi za VDO zinatoka omu 10 presha ikiwa sifuri mpaka omu 180 ikiwa juu. Zinaweza kuingia kwenye tundu lakini haziongei lugha ya geji ya Toyota. Na mwenye Chevrolet ya Marekani asifuate kipimo cha waya nilichoeleza hapo juu bila kugeuza maana yake: kwenye zile za geji ya omu 0 hadi 90, ukichomoa waya mshale unapanda mpaka mwisho, na ukigusisha athi unashuka sifuri.

Baada ya hapo ndipo kipimo ambacho hakina mbadala. Chomoa sensa, funga mahali pake geji ya mkono, ile inayopokea oili yenyewe kwa mpira. Tundu la Toyota ni la nyuzi za Kijapani za 1/8, zenye nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi za dukani zinakuja na nyuzi za Kimarekani za 1/8, ambazo ni 27. Tofauti haionekani kwa jicho. Inaingia mizunguko miwili mitatu halafu inakaza, na fundi mwenye nguvu anapasua bloku au anaharibu nyuzi. Nunua adapta. Mpira uwe wa kusukwa kwa waya wa chuma. Ile mirija myembamba ya plastiki ikigusa eksozi inayeyuka na kurusha oili ya moto kwenye eksozi, na moto wa gari huanza hivyo hivyo.

Pasha injini mpaka joto la kawaida la kazi. Kupima ikiwa baridi ni kujidanganya, maana oili nzito ya asubuhi inaficha uchakavu wote. Andika namba tatu: injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), ikiwa mizunguko 1,500 kwa dakika, na ikiwa 3,000. Viwango vya Toyota kwa dizeli hizi ni vya chini kuliko watu wanavyodhani: sailensi isipungue kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba, yaani psi 4 na kidogo. Kwenye 3,000 isipungue kilo 2.5, karibu psi 36. Kwa hiyo mshale kulala karibu na chini kwenye foleni ya mchana, injini ikiwa ya moto, si ugonjwa peke yake. Gari linalosoma psi 12 sailensi na 50 kwenye mizunguko 3,000 ni zima. Achana nalo, badilisha sensa uende kazini.

Namba zikiwa mbaya, sikiliza jinsi zilivyo mbaya. Pampu haitengenezi presha. Inasukuma oili, na presha inatokea kwa sababu oili inabanwa kupita kwenye nafasi nyembamba za beringi. Nafasi zikipanuka, oili inatoroka. Ndiyo maana beringi zilizochoka zinajionyesha kwanza sailensi: chini psi 3, juu 40, kwa sababu kwenye mizunguko mingi pampu inaweza kuushinda uvujaji. Presha ikiwa chini sehemu zote tatu, shuku pampu, valvu ya kupunguzia presha iliyokwama wazi kwa uchafu, au oili nyepesi kupita kiasi. Ikipanda vizuri mpaka 1,500 halafu ikaanza kushuka kadiri unavyokanyaga, chujio la ndani ya sampu limeziba na pampu inanyonya bila kupata. Na presha ikiwa juu mno hata injini ikiwa ya moto, valvu imekwama imefungwa au mtu ametia oili nzito isiyofaa. Hilo nalo si jambo la kufurahia. Hupasua filta na kutoa oili kwenye sili.

Kabla ya kushusha sampu, ichunguze oili. Inuse. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache usiku mmoja: dizeli ikiwemo, utaona pete ya rangi nyepesi yenye mafuta imetambaa mbali kuzunguka doa jeusi. Kwenye 1HZ pampu ya dizeli inaendeshwa na gia mbele ya injini, na sili ya shafti yake ikichoka dizeli inaingia kwenye oili. Dalili ambayo dereva anaifurahia bila kujua ni oili kuongezeka kwenye dipstiki. Oili haizaliani, ndugu. Ikiongezeka ni dizeli au maji, na ikiwa kama chai ya maziwa ni maji. Ukirekebisha sili na kuweka 15W-40 safi yenye kiwango cha injini za dizeli, presha inaweza kurudi bila kugusa beringi hata moja.

Kisha ikate filta ya zamani kwa msumeno au kopo-kata, nyoosha karatasi yake juani. Pitisha sumaku. Vinavyoshikwa ni chuma. Vinavyong'aa bila kushikwa na sumaku ndivyo vya kutisha zaidi hapa, kwa sababu beringi zimetengenezwa kwa metali laini. Ukiona chembe za rangi ya shaba, tabaka la juu la beringi limeshakwisha. Hapo ndipo kushusha sampu kunakuwa na sababu. Filta yenyewe nayo inaweza kuwa mkosaji: nyingi za bandia hazina kifuniko cha mpira kinachozuia oili kurudi chini, hivyo kila asubuhi mshale unachelewa na tapeti zinalia kwanza.

Wenye Hilux na Prado za D-4D injini ya 1KD wana jambo lao, na linastahili kuchukuliwa kwa uzito. Washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, gesi ya moto inapenya mpaka chini ya kifuniko cha valvu, oili inageuka masizi mazito, na masizi yanashuka kuziba chujio la sampu. Hilux nyingi za kizazi hicho hazina geji ya presha, zina taa tu, na taa ile inawaka presha ikiwa imekwisha kabisa. Kwa gari hizo tunashauri geji ya mkono ifungwe na ibaki hapo daima, na kila oili inapomwagwa mtu aingize kamera ndogo kwenye tundu la sampu alitazame chujio.

Usitibu kwa kutia oili nzito au kuweka washa nyuma ya springi ya valvu. Mshale utapanda, beringi zitaendelea kulika.

Na ukishafungua, uangalifu wa kufunga ni nusu ya kazi. Silikoni ya sampu ipakwe uzi wa milimita 3 hadi 4 tu. Inayozidi inajikunja ndani, inakatika, inaelekea kwenye chujio. Kama filta inafungwa ikiwa imesimama wima, ijaze ile mpya oili kabla ya kuifunga. Kwenye 1HZ chomoa waya wa solenoidi inayokata dizeli kwenye pampu, piga stata sekunde kumi, pumzisha, rudia mpaka geji ya mkono ionyeshe presha. Ndipo rudisha waya uwashe. Ikishapata moto, soma namba zile tatu tena, rudisha sensa, na pale mshale wa dashibodi unaposimama sailensi bandika kipande kidogo cha tepu kwenye kioo, uandike psi yake kwenye daftari la gari. Kuanzia siku hiyo mshale usio na namba utakuwa na namba.